Mashine Nayo Yataka Daftari

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Katika shule yetu methali hii yafuatwa vizuri sana, isipokuwa mahali pamoja. Mtunza stoo huandika kila gunia la mahindi linaloingia na kila debe la maharage linalotoka. Mwalimu wa zamu huandika katika kitabu cha zamu nani ameugua, nani amechelewa, na kengele imepigwa saa ngapi. Hata funguo za maabara zina daftari lake. Lakini ile mashine iliyo ghali kuliko vyote hivyo, yaani seva iliyo katika chumba cha kompyuta, haikuwa na hata karatasi moja ya kuandikia habari zake. Ilipozimika ghafula, hapakuwa na ajuaye ilizimika lini mara ya mwisho, wala ilifanywa nini hata ikawaka. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba ukosefu huo wa daftari ndio uliotugharimu, zaidi ya uzee wa mashine, na zaidi ya utundu wa wanafunzi unaosemwa sana.

Huenda baadhi ya wazazi wetu wasomapo gazeti hili watauliza, seva ni kitu gani? Ni kompyuta kama nyingine, ila kazi yake ni kuzihudumia zile zilizo mezani. Hizo ndogo huiuliza, nayo huzijibu. Ndani yake imewekwa mitihani ya Taifa ya miaka iliyopita, kamusi, na masomo ya Fizikia na Kemia yenye picha za majaribio tusiyoweza kuyafanya wenyewe kwa kukosa vifaa. Kwa kuwa yote hayo yamo ndani ya mashine, twaweza kusoma hata siku ambazo intaneti haishiki huku kwetu milimani Kilolo. Kompyuta ndogo moja ikiharibika, mwanafunzi mmoja hukaa bure. Seva ikizimika, kompyuta zote huwa masanduku matupu. Basi jambo hili si la wapenda mashine peke yao. Ni la kila mwanafunzi atakayeketi katika mtihani wa Novemba, na la kila mzazi aliyeuza nyanya au mbao ili mwanawe apate elimu.

Seva ikizimika ghafula, watu wana desturi ya kufanya mambo mawili. La kwanza ni kubonyeza kitufe mpaka iwake, kisha kusema, "Imepona." La pili, ikizimika tena, ni kutafuta mtu wa kulaumiwa. Mambo hayo mawili humpa mtu raha ya kuona kwamba amefanya kazi, bali hayamwonyeshi sababu. Mgonjwa wa homa akimwagiwa maji akapata nafuu, hatusemi kwamba malaria imekwisha. Twampeleka zahanati apimwe damu. Vivyo hivyo mashine iliyozimika yenyewe, ikawashwa ikawaka, haijapona. Imetulia tu kwa muda.

Desturi ya kuikasirikia mashine badala ya kuichunguza si ya shule peke yake. Nchi yetu ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ikawekwa katika Wizara ya Fedha. Miaka michache baadaye serikali ilitaka hesabu zake zifanywe kwa kompyuta, lakini mpango ule ukavurugika na kuleta hasara kubwa. Mwaka 1974 ikatolewa amri ya kukataza kompyuta na vyombo vyake visiingizwe nchini. Sina haki ya kuwahukumu wazee wetu, maana bei ya mafuta ilikuwa imepanda mno tangu mwaka uliotangulia, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Hata hivyo amri ile ilikaa miaka mingi, na katika miaka hiyo vijana wengi walimaliza masomo yao pasipo kuigusa kompyuta hata mara moja. Hasara ya hesabu ilikuwa ya muda tu. Hasara ya ujuzi ilikuwa ya kizazi kizima. Kufunga mlango si kutengeneza.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi, na wazazi wote waukumbuka. Mwezi wa Mei 2021 mtambo wa kuuzia umeme wa LUKU ulipata hitilafu kwa siku kadhaa. Watu walishindwa kununua umeme kwa simu, wakapanga foleni ndefu katika ofisi za TANESCO, na nyumba nyingi zikalala gizani ijapokuwa nguzo na nyaya zilikuwa nzima. Waziri wa Nishati wa wakati ule, Dkt. Medard Kalemani, aliagiza baadhi ya maofisa wa kompyuta wa shirika wasimamishwe kazi. Mimi nadhani mkubwa aliyekabidhiwa mali ya umma yampasa kuulizwa habari zake, na hilo si kosa. Lakini kumsimamisha mtu na kuiona sababu ni kazi mbili mbalimbali. Ya kwanza yaweza kufanywa kwa barua moja. Ya pili yataka subira, yataka kumbukumbu, na yataka watu wasioogopa kusema waliyoyaona.

Hapo ndipo palipo shabaha yangu. Muhula uliopita seva ya shule yetu ilianza kuzimika nyakati za jioni. Kwa kuwa saa hizo wanafunzi walikuwamo chumbani wakijisomea, watu wengi walikata shauri kwamba wanafunzi ndio sababu: labda wamevuta waya, labda wameleta flashi zenye virusi. Chumba kikatiwa kufuli karibu majuma matano. Wenzetu wawili wa Kidato cha Tatu waliozoea kuketi karibu na meza ya seva waliitwa kujieleza, na tangu siku hiyo wakatazamwa kwa jicho baya hata bwenini. Sisemi haya kwa kuwalaumu waalimu wetu, maana walitaka kuilinda mali ya shule. Nasema kwa sababu majuma matano ni mengi kwa mtu anayengoja mtihani, na jicho baya ni zito kwa kijana asiye na kosa.

Fundi alipofika kutoka Iringa mjini hakuuliza nani alikuwamo. Aliuliza mashine imezimika siku zipi na saa ngapi. Hapana aliyeweza kumjibu. Basi akaiwasha, akatazama kumbukumbu zake zenyewe, maana kila seva hujiandikia mambo yanayoipata. Huko nako akakuta saa zimechafuka: ile betri ndogo ya mviringo inayoishika saa ya mashine ilikuwa imekufa, na kila umeme ulipokatika mashine ilirudi kuhesabu tarehe za zamani. Akatia betri mpya, akairekebisha saa, kisha akafanya jambo ambalo hatukulitazamia. Alinunua daftari la kurasa 48 dukani, akamkabidhi mwalimu wa kompyuta, akamwomba aiache mashine ikiwaka mchana na usiku na kuandika kila izimikapo, huku chumba kikiwa bado kimefungwa.

Juma moja likatosha. Seva ilizimika mara sita, zote baina ya saa 12 na saa 12 na nusu jioni, pamoja na Jumamosi na Jumapili. Kufuli lilikuwa mlangoni na mwanafunzi hakuwamo. Ndipo lilipozuka swali jema: ni nini kinachotokea hapa shuleni kila siku saa 12 jioni? Jibu lilijulikana na kila mtu aliyepata kuchota maji. Saa hiyo huwashwa pampu ya kujaza tangi. Fundi aliporudi aliomba pampu iwashwe asubuhi mbele yake, huku ameshika mita ya umeme. Mota kubwa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara nyingi kuliko inavyovuta ikiisha kuzoea, na kwa kitambo kidogo umeme wa majengo mengine hushuka chini ya zile volti 230 za kawaida. Taa zikafifia, na seva ikazimika papo hapo. Ile UPS, yaani kisanduku chenye betri kilichowekwa ili kuishikilia mashine wakati kama huo, betri yake ilikuwa imechoka zamani. Taa yake ya kijani ilikuwa ikiwaka, lakini ndani hamkuwa na nguvu. Betri ikabadilishwa, na tangu siku hiyo seva haijazimika kwa sababu hiyo tena.

Nawaomba wasomaji wafikiri jambo hili. Wanafunzi na pampu walikutana saa moja, kwa kuwa jioni ndiyo saa ya kujisomea na ndiyo saa ya kuteka maji. Mmoja alionekana kwa macho, mwingine hakuonekana. Pasipo daftari, aliyeonekana ndiye aliyebeba mzigo. Kwa hiyo daftari si kazi ya karani tu. Ni mlinzi wa haki.

Sasa nieleze kwa ufupi njia ya kutafuta, kama nilivyoielewa kwa mafundi na kwa mwalimu wetu, ili shule nyingine zisipoteze majuma. Kwanza yapasa kuhakikisha kwamba ni seva iliyokosa wala si kitu kingine. Tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Tarehe 12 Mei mwaka ule ule nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari, zile za EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikafifia katika Tanzania na nchi jirani. Mtu ambaye siku hizo angeipangua seva yake asingeona kosa lo lote, na pengine angelitia.

Pili, yapasa kuuliza mashine ilikufa vipi. Katika Linux amri ya last -x huonyesha lini iliwaka na lini ilizimwa kwa taratibu. Katika Windows kuna kitabu cha matukio, na tukio namba 41 huandikwa pale mashine inapowaka bila kuwa imezimwa ipasavyo. Ikiwa kumbukumbu zimekatika ghafula pasipo lalamiko lo lote, kama mtu aliyezimiwa taa akiwa katikati ya sentensi, shuku kwanza umeme au joto. Ikiwa mashine ilinung'unika kabla ya kufa, soma manung'uniko hayo, maana mara nyingi hutaja diski, kumbukumbu, au programu.

Tatu, tafuta kwa mpango, ukianza na vilivyo rahisi. Huku kwetu mvua huja na radi, na radi hupita katika waya wa umeme na vile vile katika waya wa mtandao. Kwa hiyo tazama kama waya wa kuuingiza umeme ardhini upo na umefungwa sawasawa. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabara hujaza feni na kuziba njia za hewa, hata moyo wa kompyuta, yaani prosesa, ukakaribia nyuzi 100 za sentigredi na mashine ikajizima ili isiungue. Baridi yetu ya Juni na Julai isitudanganye, maana chumba chaweza kuwa baridi huku ndani ya sanduku mna tanuri. Kisha vitazame vibao vya kumbukumbu: vitoe, vipanguse, virudishe, na uvipime usiku kucha kwa programu ya Memtest86+ isiyouzwa. Diski nazo hujiwekea hesabu ya makosa yao, na hesabu hiyo husomeka kabla hazijafa. Tena diski ikijaa pomoni, programu hukosa pa kuandika na kazi zote hukwama, ijapokuwa hapana kilichovunjika. Mwisho huja programu zenyewe: pengine moja hula kumbukumbu yote, hata Linux ikalazimika kuiua ili nyingine zipate kuishi.

Nne, na hili ndilo gumu kwa watu wenye haraka, badili kitu kimoja tu, uandike, kisha ungoje. Anayebadili betri, feni na programu siku moja, mashine ikitulia hatajua ni kipi kilichoiponya, na shida ikirudi ataanza upya kama mtu asiyejua kitu.

Wenzetu waliotangulia katika kazi hii waliyajua hayo tangu mwanzo. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, mafundi wa kompyuta iitwayo Mark II waliona mashine yakosea. Walitafuta mpaka wakamkuta nondo amenaswa katika relei. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe ndani ya daftari la mashine, na kando yake wakaandika saa na mahali alipokutwa. Daftari lile lipo mpaka leo katika makumbusho mjini Washington, na nondo yumo. Watu husimulia kisa hiki kwa kucheka, lakini mimi naona la kujifunza si yule nondo, ni lile daftari. Sisi Kilolo nondo hatuwakosi, hasa mvua zikianza. Tulichokosa ni pa kumwandika.

Pamoja na daftari kuna jambo la pili ambalo ni ndugu yake, nalo ni nakala. Tarehe 4 Machi 2013 jirani zetu wa Kenya walipiga kura, na matokeo yalitakiwa kutumwa kwa simu mpaka kwenye seva za Tume ya Uchaguzi. Mtambo ule ulikwama. Lakini fomu za karatasi zilikuwapo. Zikaletwa katika ukumbi wa Bomas jijini Nairobi, zikahesabiwa, na matokeo yakatangazwa tarehe 9 Machi. Yalizuka mabishano mengi mpaka Mahakama ya Juu, lakini pasipo karatasi zile pasingekuwa na kitu cha kubishania. Basi alama zetu na masomo yetu visikae mahali pamoja tu. Diski moja ya pembeni, ikiandikwa kila Ijumaa na kufungiwa ofisini mbali na seva, yatosha kutuondolea kilio.

Najua yapo majibu ya kunipinga. Wengine watasema waalimu wana kazi nyingi na hawana nafasi ya kuandika habari za mashine. Hilo ni kweli, na kwa sababu hiyo napendekeza wanafunzi wawili kwa zamu, chini ya mwalimu, wafanye kazi hiyo kama viranja wa maktaba wanavyofanya. Kuandika tarehe, saa, jambo lililotokea, kilichofanywa na jina la aliyefanya ni kazi ya dakika mbili. Wengine watasema mashine imezeeka na dawa ni kununua mpya. Lakini mashine mpya ikiunganishwa na umeme ule ule na UPS ile ile iliyokufa, itazimika vile vile, na ghali yake itatuzidishia uchungu tu. Wengine, na hawa ndio ninaowaheshimu zaidi, watasema wanafunzi wengine ni waharibifu kweli. Nakubali. Yupo avutaye waya, na yupo aletaye flashi asizoruhusiwa. Lakini daftari litamwonyesha huyo pia, kwa siku yake na saa yake, nasi tutamwadhibu kwa ushahidi wala si kwa kudhani. Mwenye hatia halipendi daftari. Asiye na hatia hulihitaji.

Kwa hiyo namwomba Mkuu wa Shule pamoja na waalimu wetu wakubali mambo matatu. Lile daftari la fundi liendelee, lifungwe kwa kamba kwenye meza ya seva, na kila aigusaye mashine aandike. Betri ya UPS ipimwe kila mwanzo wa muhula, kama tunavyopima uzito wa magunia. Na chumba cha kompyuta kisifungwe tena kwa sababu ya dhana, ila kwa sababu iliyoandikwa. Wazazi nao, katika mkutano wao ujao, wanaweza kuuliza waonyeshwe daftari hilo kama wanavyoonyeshwa hesabu za ada na michango.

Wale wenzetu wawili wa Kidato cha Tatu, mmoja wao sasa ni miongoni mwa waandishi wa daftari. Hakuombwa, alijitolea mwenyewe. Nimeusoma ukurasa wake. Ameandika tarehe, saa, na maneno machache tu: pampu imewashwa, taa zimefifia, seva inaendelea.